Weka Namba Zako

Darasani waliniita Babu. Sikuwa na mjukuu, sikuwa na mtoto, hata mke wa kunipandisha presha sikuwa naye, lakini nilikuwa na mvi chache upande mmoja wa kichwa, na kwa vijana wa umri ule mvi moja inatosha kukupa ukoo mzima. Waliniamkia kwa heshima ya kejeli, wakipiga goti nusu, nami niliitikia kwa kikohozi nikiomba msamaria mwema anishike mkono nivuke korido. Tulicheka sana. Kisha wao walitoka makundi makundi kwenda kula, mimi nikabaki nikikunja nyaya ambazo hakuna aliyeniomba nizikunje.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, na somo la kuchora na kutengeneza vitu kwa kompyuta nilikuwa nalirudia. Mara ya kwanza nilifeli kwa mbwembwe. Nilichora kifaa kizuri mno, kina tundu linaloingia, linakata kona, halafu linapanuka huko ndani kama tumbo la chupa. Kwenye skrini kilimetameta. Mwalimu alikizungusha kushoto, akakizungusha kulia, kisha akaniuliza ncha ya mashine ya kukatia itafikaje huko ndani, itapiga hodi? Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukifeli somo lile lile mara ya pili, unakusanya virago. Muhula ule basi sikuwa na ruhusa ya kuchora chupa.

Kompyuta nzima zilikuwa chache kuliko sisi, kwa hiyo darasa lilikatwa katikati, kundi la asubuhi na kundi la alasiri. Mimi asubuhi nilikuwa naziba pancha kwenye banda la matairi, nikaangukia alasiri. Mwalimu, ambaye alifanya kazi viwandani mpaka nywele zikamkimbia, aliamua kuigeuza shida ile kuwa mtihani. Kila kompyuta ingekuwa na watu wawili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa alasiri, na wawili hao wangetengeneza bawaba moja ya alumini, kila mtu na bawa lake, yaani nusu yake. Bawa la asubuhi lingekuwa na vidole vitatu, la alasiri viwili. Vya huyu viingie kwenye mapengo ya yule, kama mikono ya mtu anayesubiri majibu ya daktari, halafu pini ipite katikati. Kukutana marufuku. Kupigiana simu marufuku. Hata majina hatukupewa. Kiwandani, alisema Mwalimu, anayechora mlango hamjui anayechora fremu. Wanazungumza kwa vipimo.

"Na hiyo bawaba," alimalizia, "nitaisukuma kwa kidole kimoja. Ikikwama, umefeli. Ikicheza, umefeli."

Mtu mmoja wa nyuma akauliza kama kucheza bila muziki nako kunahesabiwa. Mtu huyo alikuwa mimi. Mwalimu alinitazama kama mtu anayetazama tairi lenye viraka vingi, akaendelea na kazi.

Siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti changu, magoti yaligonga chini ya meza. Kiti kilikuwa kimepandishwa hadi mwisho. Nikajua jambo moja kuhusu mwenzangu: ni mfupi. Nilivuta kishikio cha chini ya kiti, kiti kikashuka kwa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu, na darasa zima likageuka kumtazama Babu. Kesho yake, vile vile. Keshokutwa, vile vile. Kila alasiri kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumshusha mtu nisiyemjua.

Programu tuliyotumia ina tabia ya kuandika kila unachofanya pembeni mwa skrini, hatua chini ya hatua, tangu mstari wa kwanza uliochora. Ukinyanyua umbo, inaandika. Ukitoboa, inaandika. Majina inatoa yenyewe, makavu kama hotuba ya mgeni rasmi: mnyanyuo wa kwanza, mkato wa nne. Ukitaka unaweza kulifuta jina hilo ukaweka lako, lakini hakuna anayejisumbua. Ni kama kuyapa majina matofali ya nyumba.

Mwenzangu alijisumbua. Nilipofungua faili lake nione amefika wapi, mkato wa pili, ule wa pengo kati ya kidole na kidole, ulikuwa umeandikwa "Pengo la mtoto wa darasa la kwanza." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akasogeza kiti. Nikarudi kwenye faili langu, nikachora vidole vyangu viwili, nikaviita "Vidole vya mwizi, vinaingia pengoni." Kesho yake nilikuta ameongeza hatua ndogo isiyo na kazi yoyote, nukta tu, ili apate mahali pa kuweka jina: "Mwizi ana kucha ndefu." Nilipokagua, kweli, ncha za vidole vyangu hazikuwa zimeviringishwa. Nikaziviringisha nikaandika, "Nimekata kucha, mama." Akajibu, "Mimi si mama yako." Na chini yake nukta nyingine: "Wala baba."

Basi tukawa hivyo. Wenzetu walichora bawaba, sisi tulichora bawaba na kusutana. Mwalimu alikataza simu na kukutana, nukta hakuzitaja.

Sasa kuna njia mbili za kuchora kitu kinachokaa ubavuni mwa kingine. Ya kwanza, unapima, unaamua, unaandika namba yako. Ya pili, unafungua umbo la mwenzako, unagusa ukingo wake kwa kipanya na kuiambia programu: nami nifuate huyu. Huandiki kitu. Akinenepa, unanenepa, akisogea, unasogea. Mimi nilishika ya pili, na si kwa uvivu peke yake. Kuna siku aliongeza unene wa bawa lake, na nilipofungua langu nikakuta nalo limenenepa lenyewe, bila mimi kuligusa. Nilikaa nikilitazama. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu afanye jambo asubuhi na jambo hilo linibadilishe mimi alasiri.

Chumba nilichopanga kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta, kikombe kimoja na redio. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa mwembamba, na jirani alikuwa na televisheni; vichekesho vyake nilivisikia vizuri, nikawa nacheka naye kwa wakati mmoja bila yeye kujua. Jumapili alinipigia Dada. Dada ndiye aliyenilea baada ya wazazi kutangulia, na alikuwa msusi. Simu aliiweka kwenye stuli, sauti juu, mikono ikiendelea kusuka. Kwa hiyo nilikuwa naongea na yeye pamoja na kichwa chochote kilichokuwa kati ya magoti yake.

Kila Jumapili aliuliza kama nimepata mwenzangu huko au bado naongea na redio. Safari hii nilimwambia ninaye. Tunafanya kazi moja, nikasema, mcheshi kuliko mimi.

"Mwanamke au mwanamume?"

"Sijui, Dada."

Nilisikia kitana kikisimama. Mteja akacheka kwa pua. "Mdogo wangu," Dada alisema taratibu, "hilo kwa kawaida huwa linaonekana."

Nikapamba. Nikasema natania, kwamba tunakula pamoja kila siku, kwamba ananicheka ninavyokula, kwamba juzi alinisubiri mlangoni mvua ikinyesha. Dada akafurahi, mteja akafurahi, na mimi nilipokata simu nikakiosha kile kikombe kimoja.

Wiki chache kabla ya siku ya kukata mabawa kwa mashine nilikuta nukta mpya kwenye faili la mwenzangu. Safari hii hakukuwa na mwizi wala kucha. Iliandikwa: "Weka namba zako."

Niliisoma. Nikageuka nyuma kuona kama kuna anayetazama, nikaisoma tena. Nikazipapasa mvi zangu, sijui kwa nini, kompyuta haioni. Simu zilikatazwa, na mwenzangu alikuwa radhi kuvunja sheria kwa ajili yangu. Nilichora nukta, nikaiita kwa namba yangu ya simu, tarakimu zote, nikahakikisha moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.

Kwenye banda la matairi nilianza kuiweka simu mfuko wa shati badala ya suruali. Ilipolia niliipokea kwa mikono yenye grisi na sauti niliyoisafisha. Alikuwa mteja anauliza bei ya ringi. Mwenye banda, aliyeniita Injinia kila nilipoangusha spana, alitaka kujua mbona siku hizi napokea simu kama mtangazaji. Nikamwambia koo lilikuwa linawasha.

Hakupiga. Siku iliyofuata alikuwa ameandika nukta moja tu: "Siyo hizo."

Siyo hizo. Nilirudia kuikagua ile namba. Ilikuwa yangu. Kesho yake nikaazima simu ya mwenye banda, nikajipigia, na mfuko wa shati langu ukaita. Nikasimama katikati ya matairi nikiwa na simu mbili, ya kupiga na ya kupigiwa, na mwenye banda akauliza kama nataka aondoke ili tuongee faraghani. Alasiri hiyo niliandika nukta: "Ni hizo hizo, nimejaribu." Haikujibiwa. Nikaona nimemchosha. Unapokaa muda mrefu bila watu, mtu akikusogelea hatua moja wewe unamrukia mabegani. Lakini kiti kiliendelea kuwa juu kila nilipofika, nami nikaendelea kukishusha, na hilo lilinitosha.

Halafu alasiri moja magoti hayakugonga meza.

Nilikaa, nikashika kishikio kwa mazoea, nikakuta hakuna cha kushusha. Kiti kilikuwa pale pale nilipokiacha jana yake. Nikawasha kompyuta. Bawa langu lilipofunguka, pembeni mwa skrini hatua zote zilikuwa nyekundu, toka juu hadi chini, na katikati, mahali pa umbo, hapakuwa na kitu. Programu ilikuwa inauliza ukingo ninaoufuata uko wapi.

Mwalimu alikuja, akaegemea meza. Alinieleza kwa sauti ya kawaida kwamba mwenzangu amehama, amepata nafasi chuo kingine karibu na kwao. Alimaliza bawa lake mapema, limekatwa, liko karakana, na alama zake zimekwenda naye. Mwanafunzi akiondoka folda lake linafutwa, ndio utaratibu. Kwa watu wengine haingekuwa shida.

"Bawa lako lilikuwa linasimama kwa namba za nani?" aliuliza.

"Zake, Mwalimu."

"Na zako ziko wapi?"

Ndipo nilipoielewa ile nukta. Mwenzangu alifungua faili langu, akaona bawa zima halina hata kipimo kimoja cha kwangu, akanionya kwa lugha ya kazi. Nami nikampa namba ya simu.

Mwalimu alikuwa bado anashuka na ule wekundu kwa kidole. Kidole kikasimama. Akasoma tarakimu moja moja, kwa sauti, na darasa likanyamaza kusikiliza.

"Hiki ni kipimo cha nini, Babu? Kwa milimita, mlango wako uko nchi jirani."

Waliangua kicheko mpaka mwingine akaangusha kipanya. Nikainuka nikainama mbele yao kama mtu anayepokea tuzo, nikasema mlango ni mkubwa kwa sababu na familia ni kubwa, na wakacheka zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka. Kisha nikakaa. Kukata kulikuwa kesho, na sikuwa na bawa.

Nilikwenda karakana. Fundi wa huko alikuwa mama mnene tuliyemwita Mama Miwani, kwa kuwa alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na siku zote alikuwa akiitafuta ile ya kichwani. Nilimweleza. Alifungua kabati akanitolea bawa la mwenzangu, limefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Sikuwa nimewahi kuligusa. Lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana kwenye skrini, baridi, na kingo zake zilikuwa zimepigwa tupa kwa uangalifu ili zisimkate atakayelishika.

"Nikwambie alikuwa nani?" Mama Miwani aliuliza.

Niliigeuza ile alumini kwenye kiganja. Nilikuwa nataka sana. Lakini nilijiona nikipokea jina na kwenda nalo chumbani, nikikaa nalo, nikiliuliza maswali.

"Alikuwa mfupi," nikasema.

"Mfupi," alikubali, akanipa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili. "Pima kila pengo mara mbili. Mara ya kwanza mtu hupima anachotamani."

Nilipima. Mapengo yake hayakulingana sawasawa. Moja lilikuwa pana kidogo, pana kwa kiasi ambacho jicho halioni ila chuma kinaona. Nikarudi kwenye kompyuta, nikafuta wekundu wote, pamoja na mwizi na kucha zake, na ile namba yangu. Nikaanza na karatasi tupu. Safari hii kila mstari nilioupiga uliniuliza kipimo, na kila mara ilinibidi niamue mimi. Unene wa kidole: nikaandika. Urefu: nikaandika. Kwenye pengo nikafika mahali ambapo zamani ningegusa tu ukingo wake na kujaa humo ndani, ubavu kwa ubavu. Vidole vinavyojaa pengo sawasawa kwenye skrini vinapendeza, lakini vya chuma havizunguki. Nikapunguza kidole changu, upande huu unene wa karatasi, upande ule unene wa karatasi. Hiyo ndiyo nafasi inayofanya bawaba iwe bawaba. Sikuipenda, lakini niliiandika.

Kesho yake Mama Miwani alifunga kipande cha alumini kwenye meza ya mashine, akaniuliza sifuri yangu iko wapi. Mashine haijui iko wapi duniani mpaka uioneshe kona moja na kuiambia, hapa ndipo tunapoanzia kuhesabu. Nilishusha ncha taratibu hadi ikagusa kona ya kushoto mbele, nikabonyeza. Alifunga mlango wa kioo. Ncha ilizunguka, maji meupe ya kupozea yakamwagika, na alumini ikaanza kuruka vipande vinavyong'aa. Nilisimama nje ya kioo nikaitazama ikipita njia niliyoipangia, kona kwa kona, bila kumfuata mtu.

Mwalimu alipitisha pini mwenyewe. Akaweka bawaba mezani, akasukuma bawa langu kwa kidole kimoja. Likainuka, likapita juu, likalala upande wa pili bila sauti. Akalitikisa. Akalirudisha.

"Haikwami," alisema. Kisha, baada ya kuliweka sikioni na kulitikisa tena, "Wala haichezi. Laiti nawe ungekuwa hivyo." Akaandika alama, na nikajua sikusanyi virago.

Vijana walinipigapiga mgongo, wakasema Babu ameokoka. Kisha wakatoka kwenda kula.

Jumapili Dada alipiga. Nilisikia kitana, nikasikia mteja akikohoa. Alianza na swali lake: mwenzangu hajambo? Nikafungua mdomo nimpe zile za kawaida, tumekula, tumecheka.

"Dada, punguza sauti ya simu."

Aliishika sikioni. Ghafla alikuwa karibu.

"Sina mwenzangu," nikasema. "Alikuwepo mmoja wa kwenye kompyuta, sijawahi kumwona, amehama. Nakula peke yangu. Tangu mwaka wa kwanza nakula peke yangu."

Nilisikia akiweka kitana chini. "Na yule aliyekucheka unavyokula?"

"Nilimtunga."

"Nilijua. Unakula vizuri tangu mtoto, nilikufundisha mwenyewe." Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile bawaba imefunga mlango gani. Nikamwambia haifungi mlango wowote, ni ya mtihani. Akasema kwa hiyo serikali imenisomesha muhula mzima nitengeneze bawaba isiyo na mlango, na kabati lake la vitana linaning'inia kwa msumari. "Chora nyingine. Andika kipimo: shibiri moja na vidole viwili."

"Shibiri yako au yangu?"

"Yangu. Yako naijulia wapi, imekua huko."

"Shibiri yako ni milimita ngapi, Dada?"

"Basi njoo uipime."

Nikasema muhula ukiisha. Akasema sawa. Akairudisha simu kwenye stuli, na kabla haijakatika nilimsikia mteja akiuliza kuna nini, na Dada akimjibu, hakuna kitu, ni mdogo wangu.

Zilibaki alasiri chache za kuandika ripoti. Asubuhi ile kompyuta sasa haikuwa na mtu, na kila nilipofika kiti kilikuwa pale nilipokiacha. Siku ya pili hivyo, siku ya tatu hivyo. Siku ya nne, nilipomaliza, nilizima kompyuta, nikaangalia kulia na kushoto, nikavuta kishikio na kukipandisha kiti hadi juu kabisa.

Kesho yake magoti yaligonga meza. Nikalalamika kidogo kwa sauti, watu wasikie, nikakishusha.